KAMERA HAIONI HESABU YA TAJIRI

Ndugu Wafanya kazi,

Katika stendi za Migori, Rongo na Homa Bay, madereva wanazungumza juu ya kamera za barabarani. Wako wasemao ziwekwe upesi. Wako wasemao zing'olewe na kuvunjwa. Sisi twasema: kamera isivunjwe, wala isipokewe hivi hivi tu.

Kwanza tuseme kweli. Mwaka 2024 watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani katika Kenya. Madereva na makanga wenzetu hufa hivyo, pamoja na abiria waliotuamini. Mwendo wa kasi unaua, na anayebisha hilo hafai kushika usukani.

Lakini kasi hiyo yatoka wapi? Dereva huamka saa kumi alfajiri. Kabla hajanywa chai anadaiwa hesabu ya tajiri, mafuta, na ada ya stendi. Kinachobaki ndicho chake na makanga wake. Safari moja ikipungua, nyumbani sufuria haipandi jikoni. Basi anakimbia. Kamera itaona gari likipita sokoni Awendo kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Haitaona hesabu inayomsukuma kutoka nyuma.

Na faini itamwangukia nani? Kamera husoma namba ya gari, na namba ni ya mwenye gari. Katika orodha ya faini za papo hapo ya mwaka 2016, anayezidisha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 hutozwa shilingi 10,000. Tajiri akipata karatasi ile atamgeukia dereva. Na kama siku ile gari lilikuwa mkononi mwa dereva wa skwodi, huenda akakatwa asiyehusika. Nani atamsikiliza?

Kwa hiyo watu wana haki ya kukasirika. Lakini ukitupa jiwe, kesho utasimama kizimbani peke yako, na hesabu ya tajiri itakungoja pale pale.

Tazameni jirani zetu. Juni 2025 Uganda ilianza kutoza faini kwa kamera: shilingi 200,000 za kwao, na 600,000 kwa aliyezidisha zaidi ya kilomita 30. Watu wakapiga kelele, wabunge nao wakasema, na baada ya siku chache Serikali ikausimamisha mpango huo. Hapa kwetu, Oktoba 2021, Mahakama Kuu iliikataa kazi ya kadi za Huduma Namba kwa sababu Serikali haikupima kwanza hatari kwa siri za watu, kama sheria ya mwaka 2019 inavyotaka. Ushindi huo ulipatikana kwa hoja.

Basi wafanya kazi wa barabarani tudai haya:

1. Kabla ya kamera kusimamishwa, wananchi waulizwe, na waambiwe ni nani atakayeweka picha zao, na kwa muda gani.

2. Anayeshtakiwa aonyeshwe ushahidi na apewe nafasi ya kujitetea, kama Katiba isemavyo katika kifungu cha 50.

3. Tajiri asikate faini katika malipo ya dereva kabla haijajulikana nani alikuwa akiendesha, na kabla dereva huyo hajasikilizwa.

4. Matajiri watoe mshahara wa mwezi. Masharti ya Waziri Michuki, yaliyoanza kutumika Februari 2004, yaliwataka wawaajiri dereva na makanga kwa mshahara wa mwezi. Miaka zaidi ya 20 imepita, na wengi wetu bado twaishi kwa mabaki ya hesabu. Kwa nini macho yawe makali kwa dereva, na kwa tajiri yafumbwe?

Dai la nne ndilo mzizi. Dereva mwenye mshahara hana haja ya kushindana na kifo ili apate unga.

Ndugu, ukipata karatasi ya faini, usiichane. Ilete kwa chama, na uje mkutanoni na mwenzako. Mmoja akilia, tajiri huziba masikio; tukisema wote, atasikia.

Umoja ni nguvu.