Kisangani: Simu haikuchoma kijiji, risasi za kaliba 12 zihesabiwe

Kila habari ya mauaji inapotoka ng'ambo ya Lubunga, hapa mjini maneno ni yale yale: vijana wameharibiwa na simu. Wanashinda wakicheza michezo ya vita, wanajifunza kuchagua upinde au bunduki, wanajifunza shabaha, kisha wanaenda kuua watu. Maneno hayo yanasemwa kanisani, sokoni, ndani ya pirogi, hata mbele ya mikro. Yanapendwa kwa sababu hayamgusi mkubwa yeyote. Lakini si ya kweli, na familia zilizokimbia vijiji vya Lubunga, Ubundu na Opala zina haki ya kuambiwa ukweli.

Kwanza mchezo wenyewe. Michezo ya kujiokoa porini, kama Minecraft inayochezwa hata kwenye simu, inamwacha mchezaji msituni mikono mitupu. Akitaka upinde, atafute vijiti 3 na nyuzi 3. Akitaka mishale, atafute jiwe gumu, kijiti na unyoya. Hapo anapata mishale 4 tu. Upinde unachakaa: ukiisha kurusha mara 384, unavunjika. Mshale ukikosa shabaha, anaufuata na kuuokota. Anayerusha ovyo usiku kucha, asubuhi hana cha kujikinga. Kabla ya yote, mchezo huo unamfundisha kijana kuhesabu: nina mishale mingapi, imetoka wapi, itaisha lini.

Je, ni nani katika jimbo la Tshopo anayehesabu hivyo bunduki na risasi zilizo msituni? Hilo ndilo swali ambalo wakubwa wanapaswa kujibu kabla ya kumnyang'anya mtoto simu.

Vita kati ya jamii za Mbole na Lengola vilianza Februari 2023, kwa ugomvi wa ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo katika komini ya Lubunga. Havikuanza kwa sababu ya mchezo. Vilianza kwa swali la zamani kuliko simu zote: shamba hili ni la nani, na nani aliliuza bila kutuuliza? Mamia ya watu wamekufa. Makumi ya maelfu wameacha nyumba, wengi wao wakavuka mto kuja kutafuta usalama Kisangani. Waliowafukuza walibeba panga, mishale na bunduki za kuwindia za kaliba 12. Vijiji vingi vilivyochomwa havina umeme wala mtandao mzuri. Anayesema kwamba simu ndiyo iliyochoma vijiji hivyo atueleze simu hizo zilichajiwa wapi.

Kuna pia maneno mengine mabaya kuliko hayo. Yanasema: hizo ni silaha za jadi tu. Neno hilo "tu" limewaumiza wakimbizi mara ya pili. Mtu akisikia "silaha za jadi" anafikiri ugomvi mdogo wa kijijini ambao wazee wataumaliza wenyewe, hata kama watu wamekufa. Lakini mshale hauna mlio. Jirani hasikii kitu, mbwa hawabweki mapema, na aliye shambani anajua hatari ikiwa imemfikia. Kwa mwindaji huo ni ubora wa upinde, kwa sababu mnyama hakimbii. Kwa mama anayechimba mihogo, ukimya huo ndio unaoua. Na kaliba 12 si kitu cha jadi hata kidogo. Risasi yake moja inaweza kubeba vipande vingi vya chuma vinavyotawanyika vikitoka mdomoni mwa bunduki. Kwa karibu, katika njia nyembamba ya msituni, mpigaji hahitaji shabaha kubwa.

Hapo mchezo wa simu unadanganya kweli, na wazazi wanayo haki ya kuwaambia watoto. Kwenye mchezo, aliyechomwa mshale anakula nyama na kupona. Akifa, anaamka tena kitandani kwake. Huku kwetu mshale ulioingia mwilini hautolewi kwa kuvutwa nyumbani. Ukivutwa unaweza kupasua mishipa na kuzidisha damu. Unaachwa mahali pake, unazungushiwa nguo safi ili usitikisike, na mgonjwa anapelekwa hospitalini haraka. Na aliyekimbia kijiji chake hana kitanda cha kuamkia.

Sasa tofauti ambayo mchezaji mzuri anaijua, na ambayo serikali ya jimbo inajifanya haiijui. Mshale unatengenezwa kwa vitu vya msituni na vyuma vya kuokota. Kijana mwenye kisu anaweza kuutengeneza jioni moja. Hakuna ofisi itakayoweza kuandikisha mishale, na anayeahidi kuikusanya yote anawadanganya watu. Dawa ya mshale ni kumaliza sababu ya kuurusha: mipaka ya ardhi ijulikane, mikataba ya mashamba isomwe mbele ya wakaaji kwa lugha wanayoielewa, na waliotoa ardhi ya wengine wafike mbele ya hakimu, wawe wa jamii yoyote.

Lakini risasi ya kaliba 12 haioti kwenye mti. Baruti yake, kifuko chake na kiwashio chake vinatoka kiwandani. Kutoka kiwandani inapita barabarani, inapanda baleniere, inashuka bandarini, inakaa dukani, inauzwa kwa pesa. Kila mahali hapo pana mtu anayeiona, na mara nyingi pana mtu wa serikali anayelipisha kodi. Mwanamke anayeteremsha gunia la makaa anasimamishwa na kuulizwa karatasi. Sanduku la risasi linapitaje?

Si kwamba sheria haipo. Nchi ina sheria ya silaha na risasi tangu 1985, na sheria ya uwindaji ya Mei 28, 1982. Mwenye bunduki anapaswa kuwa na kibali, na mwindaji naye ana chake. Sheria zina umri wa kuwa baba wa watoto, ila bado hazijafika kijijini.

Wawindaji wana jibu lao, na ni la haki: wanaogopa kwamba kuandikisha bunduki kutageuka njia nyingine ya kuwalipisha kwenye vizuizi. Kaliba 12 inalisha nyumba nyingi za Tshopo, na nyama yake inafika kwenye masoko ya mji huu. Hakuna anayewaambia waache kula. Ndiyo maana uandikishaji uwe wa bure, ufanywe hadharani mbele ya shefu na wajumbe wa jamii zote, na namba ya bunduki iandikwe pamoja na jina la mwenyewe. Mwindaji wa kweli atafaidika, kwa sababu siku bunduki isiyo yake itakapoua, yeye hatakamatwa kwa kosa la mwingine.

Mji huu unajua thamani ya kuhesabu. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita katikati ya Kisangani, na makombora yakaangukia nyumba za watu. Makombora yale yalihesabiwa, maiti zikahesabiwa, na hesabu hizo hazikupotea. Februari 9, 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya The Hague iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini, Kisangani ikiwemo. Imechukua zaidi ya miaka 20, na wengi bado wanalalamika kuhusu malipo, lakini bila hesabu pasingekuwa na kesi. Wafu wa Lubunga, Ubundu na Opala nao wana majina. Kufa kwa mshale hakupunguzi thamani ya mtu mbele ya aliyekufa kwa kombora.

Kwa hiyo wanaowaambia wakimbizi "rudini, kumetulia" wajibu kwanza maswali matatu. Ni bunduki ngapi za kaliba 12 ziko katika kijiji wanachorudishwa, na ziko mikononi mwa nani? Ni nani anauza risasi katika bandari na masoko ya Kisangani, na daftari lake la mauzo liko wapi? Na ardhi iliyoleta ugomvi imeamuliwa kuwa ya nani?

Bila majibu, kurudi ni kubahatisha maisha ya watoto. Wazazi wana kila sababu ya kusimamia simu za watoto wao. Kusimamia risasi ni kazi ya gavana, ya polisi na ya jeshi, na kazi hiyo haiwezi kutupiwa mtoto wa miaka 14 anayehesabu mishale kwenye kioo cha simu.