Makopo ya Kupunguza Mwili

Mtu apitaye Mkolani, kandokando ya barabara iendayo Shinyanga, hakosi kuona tangazo lililobandikwa nguzoni, likiahidi kuondoa kilo kumi kwa siku saba.

Hatuwacheki wanaotaka kupungua. Hata sisi, tukaao kutwa juu ya viti vya uhariri, mkanda umeanza kutubana. Haja yao ni ya kweli. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2010, wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Katika ule wa 2015-16 wakawa 28.

Tunachokipinga ni ulaghai. Mtu akiacha ghafula vyakula vya wanga, mwili hutumia akiba ya sukari iliyomo katika ini na misuli, nayo akiba hiyo hushikana na maji yapatayo mara tatu ya uzito wake. Maji yakitoka, mizani hushuka, na muuzaji hushangiliwa, ilhali mafuta mengi yangali pale pale. Chai za kuharisha ni mbaya zaidi, kwa kuwa hutoa maji pamoja na chumvi ambazo moyo huzihitaji ili upige sawasawa. Na ndugu mwenye kisukari atumiaye insulini, akijinyima chakula bila ya kumwuliza daktari, aweza kuanguka kazini, mbele ya mashine.

Walaghai hawa hawafichiki. Hukataza aina nzima ya chakula, kisha mwisho wa mahubiri hutoa kopo la kuuza. Mganga wa zahanati hana kopo.

Madaktari husema kwamba kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kwatosha. Kwa hilo mfanyakazi hahitaji chakula cha kigeni. Mboga za majani au mlenda zijaze nusu ya sahani, pawepo sato wa kuchemsha au dagaa, ugali upunguzwe wala usifukuzwe, na soda iachwe. Wazee wa Usukuma walikula michembe wakalima kutwa. Sisi twala chipsi, kisha twapanda bodaboda kwenda Nyegezi, mahali ambapo miguu ingetufikisha.

Twawaomba viongozi wa matawi ya Chama na wa vyama vya wafanyakazi wawaalike waganga katika mkutano ujao, waje na mizani na kipimo cha shinikizo la damu. Wafanye upesi, kwa maana tumesikia kwamba wenye makopo wamekwisha kuanza kukaribishwa.