Wageni Wanaujua Mlima, Watoto Wetu Hawaujui



Tumo katika Majilio, na siku si nyingi mabasi ya kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza kuja Moshi yatajaa. Ni desturi njema ya watu wa mkoa wetu kurudi nyumbani wakati wa Noeli, kuwasalimu wazee, kusafisha makaburi na kuketi pamoja kama ukoo. Juu ya desturi hiyo hatuna neno baya. Neno letu wiki hii ni juu ya yanayowapata watoto katika siku hizo kumi au kumi na nne. Hula, hulala, hutazama runinga, huinamia simu, hupelekwa katika harusi mbili tatu na kuketishwa nyuma ya ukumbi, kisha hurudishwa mjini. Asubuhi anga linapokuwa safi, kilele cha Kibo huonekana kutoka uwanja wa kanisa letu. Watoto hukipiga picha, wakaingia ndani.

Katika parokia yetu wamo akina baba, na siku hizi akina mama pia, wanaoishi kwa kazi ya upagazi na ya kuwaongoza wageni mlimani. Wapo waliofika Kibo mara nyingi hata wameacha kuhesabu. Hivi karibuni, baada ya Misa, tuliwauliza baadhi yao kama watoto wao wamewahi kufika japo Mandara. Walicheka. Mmoja alitujibu: “Baba Paroko, mwanangu akafanye nini kule? Kule ni kazini.”

Jibu hilo limetunyima usingizi. Mtu huyu amembebea mzigo baba wa nchi ya mbali aliyekuja na wanawe wawili kutembea nao siku sita. Amewapikia, amewapigia hema, amewaona wakicheka na wakilia pamoja, na mwisho amewapiga picha wamekumbatiana. Akateremka, akaenda nyumbani kwa mwanawe mwenyewe, na hakuona kwamba aliyoyashuhudia yanamhusu. Lakini hatumlaumu yeye peke yake. Sisi sote tumekubali kwamba kutembea na wapendwa wetu kwa furaha ni mali ya watu wengine.

Leo tunalikataa wazo hilo. Tunasema kwamba siku ya kutoka na watoto wetu, kutembea nao, kuchoka nao na kuuona nao uumbaji wa Mungu, si anasa. Ni sehemu ya malezi tuliyoyaahidi siku ya ndoa na siku ya ubatizo wao. Tunajua kuna watakaotupinga, basi na tuzipime hoja zao moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Hatujui ni lini tulijinyang’anya mlima wetu wenyewe. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, hawakutoka Ulaya wakiijua njia ya msituni. Walihitaji wenyeji, na Marangu hadi leo inamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza. Nchi yetu ilipopata uhuru Desemba 1961, ni Luteni Alexander Nyirenda, kijana wa jeshi letu, aliyeipandisha bendera na Mwenge kileleni. Na kabla ya hao wote, babu zetu waliujua msitu ule kwa asali, kwa dawa na kwa vyanzo vya maji. Mwenye kusema kwamba mlima ni wa Wazungu hawatetei wazee wetu, bali anawasahau.

Tena asidhani mtu kwamba Kanisa ni geni katika jambo hili. Mwaka huo huo wa 1889, padre mmoja wa Milano, Achille Ratti, alipanda Monte Rosa katika milima ya Alpi. Padre huyo baadaye alikuwa Papa Pio XI, naye mwaka 1923 alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Mtakatifu Yohane Paulo II, aliyetutembelea hapa Moshi Septemba 1990, katika upadre wake kule Poland alikuwa akitoka na vijana na familia changa, kwa miguu milimani na kwa mitumbwi mitoni na maziwani. Serikali ya kikomunisti haikuwaruhusu mapadre kuongoza makundi ya vijana, kwa hiyo walimwita “mjomba” ili asitambulikane. Mwaka 1958 alikuwa katika safari ya namna hiyo alipoitwa kupewa habari kwamba ameteuliwa kuwa Askofu Msaidizi wa Krakow. Na Pier Giorgio Frassati, kijana mlei wa Torino aliyewahudumia maskini, akapanda milima pamoja na rafiki zake, akafa mwaka 1925 akiwa na miaka 24, alitangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Watu hawa hawakuiona safari kama kumkimbia Mungu.

Na juu ya hao wote ipo Familia Takatifu. Mwinjili Luka anatusimulia (Lk 2:41-52) kwamba Yosefu na Maria walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Kutoka Nazareti ni zaidi ya kilomita 100, ni mwendo wa siku kadhaa, wenye vumbi, jua na mapando. Yesu alipokuwa na miaka 12 alikwenda nao. Tunapolisoma fungu hilo huwa tunakimbilia kule hekaluni alikopotea. Tutazame kwanza njiani. Wazazi wake walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani yumo miongoni mwa jamaa na marafiki. Maana yake ni kwamba ulikuwa msafara wa ukoo mzima, shangazi na binamu na majirani, na watoto wakizunguka kutoka kundi hili hadi lile. Mwana wa Mungu alilelewa pia njiani, kwa miguu, kati ya watu waliompenda.

Hoja ya pili ni kwamba hatuna fedha. Hapa, wapendwa, tusidanganyane. Kila mmoja wetu na afungue droo yake azihesabu kadi za michango alizozipokea tangu Pasaka: kadi za harusi, za kuagwa kwa bibi harusi, za ubarikio, za kumbukumbu. Watoto wetu wanapopokea Komunyo ya Kwanza tunakodi ukumbi, mpambaji, mpiga picha za video na mshereheshaji, na mtoto mwenyewe amevishwa viatu vinavyombana, haelewi wageni wale ni akina nani. Familia inayoweza kuchangia harusi ya mtu isiyemjua vizuri haiwezi kusema kwamba imekosa nauli ya kumpeleka mwanawe Marangu. Mgeni anapolipa kiingilio cha hifadhi kwa dola nyingi, raia hulipa shilingi, tena kidogo mno ukilinganisha. Kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, kwenye mita kama 2,700, ni mwendo wa saa tatu au nne kwa miguu ndani ya msitu, na familia yenye afya yaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, ikiwa na mwongozaji, sweta, makoti ya mvua, maji na ndizi za kuchemsha.

Na asiye na hata hicho kiingilio asivunjike moyo. Ipo mifongo iliyochimbwa na mababu zetu kuyaleta maji kutoka mabondeni hadi vihambani. Mchukue mwanao muufuate mfongo mmoja, kutoka kihamba cha babu kwenda juu, mpaka pale unapochepuka kutoka mtoni. Mwonyeshe jinsi wazee walivyoyapitisha maji ubavuni mwa mlima bila mashine, na jinsi walivyogawana zamu bila kupigana. Hilo halina kiingilio. Wahenga walisema mtembea bure si mkaa bure. Tunaongeza kwamba atembeaye na mwanawe hatembei bure kamwe, kwa sababu kijana asiyesema neno sebuleni husema mengi njiani. Sisi tulio katika kiti cha maungamo na katika kazi ya kupatanisha familia tunajua ni wazazi wangapi wanaomlilia mtoto wa miaka 20 ambaye hawajapata hata siku moja ya kumsikiliza alipokuwa na miaka 10.

Hoja ya tatu haisemwi kwa maneno, bali hutendwa. Ni ya wale ambao tayari wanasafiri, lakini wanasafiri vibaya. Wapo waamini wenye uwezo, hasa mijini, ambao kila mwisho wa juma wako safarini na kundi la wenzao wa kazini, nyama na bia zikiwatangulia, mke na watoto wakiwa nyumbani. Huko si kutembea na wapendwa, ni kuwakimbia. Na wapo wanaokwenda na familia kweli, ila Ijumaa wakitoka mjini humwacha Mungu getini. Wakumbuke kwamba Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa bado inatudai Misa siku ya Dominika, na kwamba Kanuni ya 1248 inatuwezesha kuitimiza kwa Misa ya jioni ya siku inayotangulia. Anayepanga mafuta ya gari, chakula na malazi anashindwaje kuuliza saa ya Misa katika parokia ya huko aendako? Mtoto anayefundishwa kwamba mapumziko maana yake ni kupumzika kutoka kwa Mungu, amefundishwa kosa ambalo halitafutwa na katekesi ya miaka mitatu.

Amri ile ile ya Sabato (Kut 20:8-11) inalo neno jingine ambalo wasafiri hulipita upesi. Haimpi pumziko mwenye nyumba peke yake, bali mtumishi wake pia na mgeni aliye malangoni mwake. Basi mapumziko yako, ndugu, yasiwe juu ya mgongo wa mwenzako. Mpagazi wa Kilimanjaro hapaswi kubebeshwa zaidi ya kilo 20, lakini tunajua wanaobebeshwa zaidi, wanaolala bila blanketi la kutosha, wanaolipwa nusu na kuambiwa wasubiri bahashishi. Tunajua waajiri wanaowapandisha watu Dominika baada ya Dominika, msimu mzima, bila Misa wala siku ya kukaa na wake zao. Baadhi ya waajiri hao huketi katika mabenchi ya mbele ya makanisa yetu. Hatuwataji, ila waelewe kwamba yule mtoto asiyeujua mlima ameukosa kwa sehemu kwa sababu wao wamemchukua baba yake. Mlipeni mtu ujira kamili, mpeni siku yake, kisha mje tuimbe pamoja Utukufu kwa Mungu juu.

Tungekuwa wanafiki kama tungewasema wengine tukajiacha sisi. Jumamosi za waamini tumezimaliza sisi wachungaji pia. Semina, mazoezi ya kwaya, kamati ya ujenzi, kamati ya mavuno, Jumuiya Ndogo Ndogo asubuhi na mkutano wa kanda jioni: mama mmoja mwaminifu anaweza kuwa kanisani kila Jumamosi ya mwezi, tukamsifu kwa bidii yake, wala tusimuulize watoto wake wako wapi. Bwana aliwaona mitume wake hawana nafasi hata ya kula, akawaita waende kando wapumzike kidogo (Mk 6:31). Mara nyingi sisi tumewaita kwenye mkutano mwingine.

Kwa hiyo tumeamua. Jumamosi inayotangulia Dominika ya Familia Takatifu, parokia yetu haitakuwa na kikao, wala zoezi, wala mchango wowote. Siku hiyo ni ya familia. Tunawasihi mtoke: Mandara, Materuni, Ziwa Chala, au mfongo ulio nyuma ya nyumba yenu. Wachukueni na watoto wa jirani ambaye mume wake yuko mlimani kazini. Wachukueni na bibi na babu mpaka pale miguu yao itakapokoma, na hapo mketi wawasimulie. Msiende peke yenu msipoijua njia, msipande kwa mashindano mahali hewa ilipo nyepesi, na msiache takataka nyuma yenu. Jioni mrudi, ili Dominika tuonane mbele ya altare.

Tusiseme kwamba nafasi ipo tele. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka, na taarifa ya UNESCO ya mwaka 2022 inaonya kwamba iliyobaki yaweza kwisha ifikapo mwaka 2050. Mtoto wa Komunyo ya Kwanza wa mwaka huu atakuwa mtu mzima mwenye watoto wakati huo. Utoto wenyewe huisha mapema kuliko barafu. Yule mpagazi aliyetujibu kwamba kule ni kazini ana mwana wa miaka 11. Tumemwomba Jumamosi hiyo apande tena, safari hii bila mzigo wa mtu, mwanawe akiwa mbele yake njiani. Amesema atafikiri. Tumwombee, naye atuombee, maana swali tulilomuuliza yeye ni letu sote.

Mungu Mwenyezi, aliyeiumba milima na akatupa watoto, awabarikini ninyi na nyumba zenu. Tumsifu Yesu Kristo!