Injinia, andika tuelewe

Komredi wa uhandisi, tuongee kidogo. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usinichukulie kama lekchara. Lakini ripoti za labu niliandika, na najua zinavyopikwa. Unaomba ya msee aliyekutangulia, unabadilisha jina na namba ya usajili, unapeleka. Nadharia kurasa tatu, matokeo mistari miwili. Stadi za mawasiliano tulifunzwa mwaka wa kwanza, ukumbi umejaa watu wa kila kozi: barua rasmi, memo, basi. Hakuna aliyetuuliza, hii itasomwa na nani, na akishasoma afanye nini?

Unadhani ni mambo ya sarufi tu? Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiligongwa bawa na kipande cha povu kikipaa. Wahandisi wakakagua, wakaandaa slaidi. Kichwa chake kilikuwa cha kutuliza roho. Chini kabisa ndiko moto ulikuwa: kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa inchi za ujazo 1920, kile cha majaribio kilikuwa 3. Mara 640! Wakubwa wakaona hakuna noma. Februari 1 chombo kikasambaratika kikirudi duniani, na wote 7 waliokuwa ndani wakafa. Tume ya uchunguzi iliikosoa slaidi hiyo kwenye ripoti yake. Hesabu ilikuwepo, jo. Ilizikwa tu.

Sasa jione uko saiti Pipeline, nguzo ya ghorofa ya chini imepasuka na juu kuna wapangaji. Utaanza na “Utangulizi”? Mstari wa kwanza ni “Hamisheni watu leo.” Vipimo vya ufa vifuate.

Hiyo haifunzwi ukumbini. Ifunzwe labu, kwa ripoti zile zile mnazoandika kila wiki. Najua lekchara ni mmoja na nyinyi ni mia. Sawa, basi badilishaneni: wa umeme asome ya wa ujenzi, kisha aseme kwa sentensi moja anachotakiwa kufanya. Akishindwa, ripoti irudi kwa mwenyewe kabla lekchara hajaiona. Na alama zitolewe kwa hilo, si kwa unene wa karatasi.

Kama chuo chenu hakijaanza, anzeni wenyewe na ripoti ya Ijumaa hii. Tafuta msee wa kozi nyingine, mnunulie chai, mpe asome.