MAWE TUTABEBA, LAKINI DAFTARI LISOMWE!

Ndugu wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama, kuna maneno mawili yanayozunguka katika vijiji vyetu, na yote mawili ni sumu. Neno la kwanza ni hili: "Tungoje, Serikali italeta." Neno la pili ni hili: "Toa mchango, usiulize." Anayesema la kwanza ni mvivu wa mikono. Anayesema la pili ni mwizi, au ni rafiki wa mwizi. Leo nataka kupambana na wote wawili, na sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi nimesomea ualimu, na sasa natembea vijijini kwa kazi ya Chama. Katika kijiji kimoja cha upande wa ziwa, ambacho silitaji jina lake maana wenyewe wanajijua, mwenyekiti alisimama mkutanoni akaomba kila kaya itoe shilingi 10,000 kwa ajili ya darasa. Watu walinyamaza. Kisha mama mmoja mzee, aliyekuwa ameketi chini juu ya kanga yake, akauliza: "Mwanangu, zile tulizotoa mwaka juzi zilijenga nini?" Mwenyekiti akajibu kwamba swali hilo ni uchochezi. Mkutano ukaishia hapo. Boma la darasa lililoanzwa bado limesimama. Limefika renta, halina kenchi, halina bati. Mbuzi wanalala ndani yake.

Nami nilikuwa nimeketi meza kuu siku ile, na nilinyamaza. Kosa hilo ni langu, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Yule mama si mchochezi. Yule mama alibeba maji kichwani kutoka ziwani, akagonga kokoto juani, akatoa na fedha aliyouza dagaa. Kama yeye hana haki ya kuuliza, ni nani basi mwenye haki hiyo?

KUSHIRIKIANA SI JAMBO GENI MARA

Wako mabwana wa mjini, wenye viatu vinavyong'aa, wasemao kwamba habari za kujitolea ni habari za zamani. Ati zilikwisha pamoja na siasa ya Ujamaa. Mabwana hawa hawajui hata babu zao walikula nini. Kazi ya pamoja katika nchi hii haikuletwa na Chama, wala haikuletwa na Serikali. Wakuria wana risaga. Wajaluo wana saga. Majirani walikusanyika wakalima shamba la mmoja leo, kesho la mwingine, na mwenye shamba akawapikia na kuwapa kinywaji.

Lakini angalieni jambo moja. Kazi ile ilikuwa na hesabu! Haikuandikwa kwenye karatasi, lakini kila mtu aliijua. Aliyekuja kwako leo, kesho wewe ulikwenda kwake. Aliyekula bila kulima alijulikana, na siku ya shamba lake aliachwa peke yake na jembe lake. Hapakuwa na mtu aliyesimama kando na fimbo, akihesabu migongo ya wenzake, halafu jioni akaenda nyumbani na mavuno. Hiyo ndiyo siri iliyofanya kazi ile idumu. Watu walishirikiana kwa sababu waliaminiana, na waliaminiana kwa sababu kila mmoja aliona.

KWA WANAOSEMA TUNGOJE

Sasa nawageukia wanaongoja. Wanayo hoja, nami sitaificha. Wanasema: mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya mapambano dhidi ya UVIKO-19, na kwa fedha hizo yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima. Kama Serikali yaweza kufanya hivyo kwa mara moja, kwa nini mama zetu wabebe mawe?

Jibu langu ni hili. Mkopo ule haukuanguka kutoka mbinguni. Utalipwa kwa kodi ya wananchi. Na mkopo wa namna ile hauji kila mwaka, lakini watoto wa darasa la kwanza wanakuja kila Januari. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa mpaka kidato cha nne, mlango wa shule umekuwa mpana. Hilo ni jambo jema sana. Lakini mlango mpana bila chumba cha kuingia ni kumdhihaki mtoto. Kiwango cha shule ya msingi ni wanafunzi 45 katika chumba kimoja. Mwalimu yeyote aliyefundisha vijijini atakuambia ni mara ngapi ameiona namba hiyo kwa macho yake.

Mwaka 1934, mtoto wa miaka 12 alitoka Butiama akaenda kusoma shule ya Mwisenge, Musoma mjini. Alikuwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito, na baadaye akawa Baba wa Taifa. Wangapi wa rika lake pale Butiama, wenye akili kama zake, walibaki na mbuzi kwa sababu shule ilikuwa mbali na baba zao hawakuwa machifu? Hatuwajui, maana mtu asiyepewa nafasi haachi jina. Leo Jimbo la Musoma Vijijini peke yake lina kata 21, vijiji 68 na vitongoji 374. Katika kitongoji chochote kati ya hivyo yumo mtoto wa namna hiyo. Je, naye tumwambie angoje?

Hapana! Mtoto hangoji. Mwaka ukipita, umri wake umepita nao.

KWA WANAOTUMIA FIMBO

Lakini sasa nawageukia wengine, na hawa ni wetu wenyewe. Wako viongozi wadhanio kwamba njia ya kumfanya mwananchi ashirikiane ni kumtuma mgambo nyumbani kwake akamate kuku na mbuzi. Hawa wanavaa nguo ya kijani, lakini ndani yake yuko mkoloni.

Wasomeni vizuri wazee wetu. Wakati wa mkoloni, kazi ya lazima ilikuwako, na kazi ile ilizaa chuki. Mwaka 1955 Waluguru kule Morogoro walikataa matuta ya lazima milimani. Si kwamba hawakupenda ardhi yao. Hawakupenda kuamriwa juu ya ardhi yao bila kuulizwa. TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954, ilipata nguvu vijijini kwa sababu ilisimama na watu wa namna hiyo.

Uhuru ulipokuja Desemba 9, 1961, wito ulikuwa "Uhuru na Kazi". Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, akarudi kukiimarisha Chama vijijini. Watu walilima barabara, wakachimba visima, wakajenga madarasa kwa mikono yao, bila fimbo. Walifanya hivyo kwa sababu waliamini kwamba nchi ni yao.

Halafu sisi wa Chama tukasahau somo letu wenyewe. Kule Songea palikuwa na Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kikiongozwa na Ndugu Ntimbanjayo Millinga. Vijiji vipatavyo 17 viliungana kwa hiari, vikalima pamoja, vikapanga mambo yao katika mikutano yao. Wanakijiji wale walikuwa wanaishi Ujamaa hata kabla ya Azimio la Arusha la 1967 kuutangaza. Na nini kilifanyika? Septemba 1969 TANU yenyewe ilikivunja chama kile! Wakubwa hawakuvumilia kuona wakulima wanaojiamulia.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1974, ikaja Operesheni Mara hapa kwetu. Watu walihamishwa kwa amri kuingia vijijini, na wazee wanakumbuka nyumba zilizobomolewa. Kile kilichofanywa kwa hiari Ruvuma kilivunjwa, na kile kisichotakiwa kikaletwa kwa nguvu. Ndugu zangu, tukitaka kujua kwa nini mzee wa Kiabakari au wa Nyamuswa anatikisa kichwa akisikia neno "maendeleo ya pamoja", jibu ndilo hilo. Hakumbuki umoja. Anakumbuka lori.

Nasema haya nikiwa mtu wa Chama. Mtu asiyetaja kosa la nyumba yake hataweza kuijenga nyumba hiyo.

MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Basi, kama kungoja ni kosa na fimbo ni kosa, njia ni ipi? Njia ni ile ya risaga, pamoja na daftari.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme kijiji kina kaya 600. Kila kaya ikitoa shilingi 10,000, zimepatikana shilingi milioni 6. Fedha hiyo ni mifuko ya saruji, ni nondo, ni mbao za kenchi. Sasa ongezeni mawe. Mara Mungu ametujalia mawe. Vilima vya Majita na majabali ya Mwitongo ni mashahidi. Ongezeni mchanga, ongezeni maji, ongezeni siku za watu waliochimba msingi. Vitu hivyo vyote vingenunuliwa, vingekuwa fedha nyingi. Lakini nani anaviandika? Katika vijiji vingi hakuna anayeandika. Kwa hiyo jengo likiisha, anakuja mkubwa na gari, anakata utepe, anapiga picha, na ubao ukutani unataja jina lake peke yake. Mama wa ndoo na baba wa sururu hawamo.

Hapo ndipo uvivu unapozaliwa! Mtu ambaye jasho lake halikuandikwa, mara ya pili haji. Tusimwite mvivu. Alikuja mara ya kwanza, tukamwibia.

Na msidanganywe kwamba kuuliza ni ukaidi. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982 imeweka mkutano mkuu wa kijiji juu ya mambo ya kijiji, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Mkutano huo hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, ni mtumishi wa mkutano huo. Mtumishi akiulizwa na bwana wake, anajibu. Hamwiti bwana wake mchochezi.

TUNATAKA NINI

Viongozi wa vijiji na vitongoji walichaguliwa Novemba 27, 2024, kwa kipindi cha miaka mitano. Muda wao unakwenda. Kwao, na kwetu sisi makada, nasema mambo manne.

Kwanza, kabla ya kuomba jiwe moja, wananchi waamue wenyewe mkutanoni wanataka kujenga nini: darasa, zahanati, kisima au kivuko. Kitu ambacho wamekichagua wao hawatahitaji mgambo kukijenga.

Pili, kabla ya kuchimba msingi, halmashauri ya wilaya iulizwe na ijibu: mwalimu atatoka wapi, dawa zitatoka wapi, bati litatoka wapi, na lini? Miaka ile ya sitini majengo mengine yaliisha yakakosa walimu. Tusirudie. Wananchi wakifikisha boma kwenye renta na waliyoahidi kupaua hawaonekani, kosa si la wananchi, na jambo hilo lisemwe wazi.

Tatu, kuwe na daftari la jasho. Kila tripu ya mawe iandikwe, kila ndoo ya maji, kila siku ya kazi, kwa jina la kaya. Liandikwe pamoja na fedha, lisomwe kwa sauti kila miezi mitatu, na nakala ibandikwe ukutani mwa ofisi ya kijiji. Mjane na mgonjwa wasidaiwe. Tajiri wa kijiji asijifiche nyuma yao.

Nne, hakuna kukamata kuku. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, kwa sababu watoto wa maskini walikuwa wanafukuzwa. Wako viongozi waliotafuta mlango wa nyuma. Mlango huo ufungwe. Mchango wa hiari unaombwa kwa hoja na kulipwa kwa hesabu.

Na kwa nyinyi vijana wenzangu mnaokaa kijiweni Bunda na Musoma mjini, mkicheka wanaobeba mawe, nina neno moja. Mkitaka haki ya kumwuliza mwenyekiti saruji imekwenda wapi, njoni mwione saruji ikishushwa. Njoni mwihesabu. Anayebeba jiwe kwa mkono mmoja na kushika kalamu kwa mkono mwingine hawezi kudanganywa na mtu.

Mimi nitarudi katika kijiji kile cha upande wa ziwa. Nitaomba mkutano uitishwe tena, na safari hii sitaketi meza kuu. Nitaketi chini, karibu na yule mama, na swali lake nitaliuliza mimi. Likijibiwa kwa daftari, kesho yake alfajiri nitakuwa kwenye mawe pamoja nao. Lisipojibiwa, tutaliuliza tena.

Uhuru na Kazi! Na Kazi iwe na Hesabu!