Mnaocheka Ung'eng'e wa Mastaa, Leo Zamu Yenu

Wadau, leo sitaji jina la mtu, ila kila mtu atajijua.

Kuna mchezo wetu mitandaoni ambao haujawahi kupoa. Staa wa Bongo anaenda kuhojiwa nje, anaulizwa swali kwa ngeli, anajibu, anateleza neno moja. Basi! Kipande cha sekunde 15 kinakatwa, kinawekewa biti, mpaka jioni kishazunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp, mpaka lile la ukoo. Dakika kumi alizoongea vizuri hakuna anayezijua. Mrembo naye akikwama jukwaani anapewa jina la utani litakalomfuata hadi siku ya harusi yake.

Sasa naomba niwaulize wachekaji: nyie hicho Kiingereza mlijifunzia wapi?

Maana tunajuana. Wengi wetu tumesoma shule za msingi za serikali, kila kitu kwa Kiswahili. Ukifika form one, ghafla biolojia, jiografia na hesabu zote zinakuja kwa Kimombo. Mwalimu mwenyewe akiona mmetoa macho anarudi kwenye Kiswahili ili somo lieleweke. Tukatoka pale tunajua kukariri maana ya "photosynthesis", lakini hatujui kumwambia mtu kwamba salio limekata. Kiingereza cha kuishi nacho, kile cha kutaniana, kuombana radhi na kumkatia mtu simu, kimekuja baadaye, na kwa wengi wetu kimekuja na simu janja.

Na simu inafundisha vizuri kwa sababu moja: hali unaijua kabla ya neno. Huhitaji kamusi. Sauti inakatikakatika, mwenzako anakwambia "you're breaking up", unaelewa hapo hapo. (Ila ukisikia wapenzi wanasema "we're breaking up", hapo mtandao hauhusiki, mambo yameharibika.) Chaji imebaki asilimia mbili: "my phone is about to die". Bando limeisha: "I've run out of data". Meseji imesomwa, tiki za bluu zipo, jibu hakuna: "she left me on read". Na akipotea mazima bila kwaheri: "he ghosted me". Neno kama hilo hulisahau, maana limekuuma.

Tena simu ndiyo inayokutoa kwenye mitego. Sisi tunasema "nipo hewani". Mwambie Muingereza "I'm on air", atajua uko studio unatangaza. Sisi tunabipu, ila yeye ukimwambia "beep me" kwa maana yetu atakushangaa, kwake hiyo ni "missed call". Vocha tumeichukua kwao, lakini Uingereza mtu akiongeza salio anasema "top up". Na ile "hang up" ya kukata simu? Inatoka kwenye simu za zamani za ukutani: ukimaliza maongezi unatundika kipokeo kwenye ndoano yake. Simu zile zimeondoka, neno limebaki. Haya anayajua mtu anayechati na kuongea na watu. Aliyekariri orodha ya misamiati mia moja akakaa kimya, huyo anakwama.

Halafu hicho Kiingereza mnachokilinda kama mali ya urithi, wenyewe wanaokotaokota kila siku. "Selfie" lilianza kuonekana mwaka 2002 kwenye mtandao wa Waaustralia wanaopiga stori zao, na mwaka 2013 watu wa kamusi za Oxford wakalitangaza neno la mwaka. Mwaka 2015 wakachagua kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi, ambacho siyo hata neno. Na "emoji" lenyewe ni Kijapani: e ni picha, moji ni herufi. Ukishika iPhone, unaingia mtandaoni kwa kutumia Safari. Safari! Neno ambalo Kiingereza kimelichukua kwetu. Wenye lugha wanakopa, wanakosea, wanageuza, na hakuna anayewawekea biti.

Unafiki wetu sasa. Mzungu akishuka Zanzibar akasema "mimi napenda chakula mzuri", tunapiga makofi, tunamrekodi, tunaandika "huyu ni Mswahili kabisa". Ngeli zote kazivuruga na hakuna aliyecheka. Mbongo mwenzetu akisahau "s" moja kwenye ngeli ya watu, tunamzika akiwa hai.

Mnadhani anayeumia ni staa? Staa ana hela, ana meneja, wiki ijayo anatoa wimbo mtasahau. Anayeumia ni anayewaangalia mkicheka. Kuna dada namfahamu ana fremu ya nguo Kariakoo. Akapata mteja wa Lusaka, anataka mzigo wa jumla. Wakachati siku tatu kwa Kiingereza safi tu, bei, saizi, rangi, usafiri, kila kitu. Siku ya nne mteja akapiga simu. Dada akaiangalia ikiita mpaka ikakata. Ikapigwa tena, akaigeuza chini. Mteja hakumtisha hata kidogo. Aliwaogopa wa fremu za jirani, wasije wakamsikia, wakamrekodi, akawa kichekesho cha jengo zima. Mzigo ule ulichukuliwa kwingine. Maneno yote alikuwa nayo kichwani, mdomo ndio tuliomfunga sisi.

Najua mtasema, "Staa anatuwakilisha, ajifunze kwanza ndio aongee." Ajifunze vipi bila kuongea? Nani alijifunza kuogelea mchangani?

Wengine mtasema, "Si aongee Kiswahili, awekewe mkalimani?" Hapo nakubaliana na nyie asilimia mia. Wapo wanasoka wakubwa Ulaya wanaohojiwa kwa mkalimani na heshima yao iko pale pale. Lakini nyie hao hao, staa akijibu kwa Kiswahili mnaandika "shule ndogo". Sasa afanyeje? Akiongea ngeli mnacheka, akiongea Kiswahili mnacheka, akinyamaza mnasema ana maringo.

Ni kweli ngeli ya simu ina mipaka yake. "Wyd" na "u" haviingii kwenye barua ya kuomba kazi, na bosi siyo beste wa kumwandikia "gonna". Mtu akichanganya, mwambie taratibu kwamba hii ya kuchati, hii ya ofisini. Ni jambo la kufundishana, dakika mbili limeisha.

Kwa hiyo wewe unayejifunza, endelea. Badili lugha ya simu yako iwe Kiingereza, vitufe unavijua kwa mazoea kwa hiyo huwezi kupotea. Shika sentensi nzima, usishike neno moja moja. Tuma voisi badala ya kuandika, kwa mtu unayemwamini, umwombe akurekebishe. Na simu ikiita, pokea.

Na wewe mchekaji, ukisikia kosa, mfuate mhusika inboksi umwambie lililo sahihi. Kama hulijui, basi na wewe ni mwanafunzi kama yeye, ipite hiyo video kimya kimya.

Povu ruksa hapo chini. Ila anayekuja kunitukana anitukane kwa ngeli, bila kugugo, tumuone.