Kazi Hainunuliwi, Shoga Yangu

Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, mtanivumilia.

Kila vijana wetu wanapomaliza vyuo, kwenye magrupu yetu yanazunguka maneno yale yale ya kuwapa moyo wanaotafuta kazi. Jiamini. Vaa ukae vizuri. Chagamka. Andika wasifu wako usomeke. Soma dua. Halafu, jambo likishakaribia, linakuja lile la kunong'onezana: "Mwanangu, toa kidogo ili upate." Hayo ya mwanzo sina ugomvi nayo. Hilo la mwisho linanikera, kwa sababu tunalisema kana kwamba ni busara ya wakubwa, na sisi wenyewe tunaolisema ndio tunaolalamika barazani kwamba siku hizi kazi hazipatikani bila ya kujuana.

Hebu tuangalie tunawauzisha nini watoto wetu. Anaanza na elfu ishirini ya "fomu". Fomu ya kazi gani hiyo inayouzwa kama tiketi ya boti? Kisha anaambiwa ada ya usaili, kisha pesa ya sare, kisha pesa ya vipimo, na kila siku namba ya kutumia pesa ni nyengine. Akishamaliza hapo, anatokea mtu anayemjua mtu, huyo anataka laki tatu kabisa, na mama mtu anatoa kilemba chake kwenye kikoba mapema ili "asikose bahati". Miezi sita baadaye simu haipokelewi.

Tumeshazoea hata hatushangai. Na hasara si ya pesa tu. Msichana aliyeliwa mara mbili haombi tena. Anaona kila tangazo ni la uongo, hata lililo la kweli linampita.

Basi tuseme wazi. Kuomba kazi ya Serikali hakulipiwi. Nafasi za hapa kwetu Zanzibar zinatangazwa na taasisi zenyewe na tume zinazohusika na utumishi, na maombi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa ZanAjira. Kwa Bara kuna Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Tangazo likikufikia kwa kusambazwa, halina jina la taasisi, halina anuani, lina namba ya simu tu na maneno "wahi nafasi ni chache", hilo si tangazo, ni mtego wa kamba. Nenda ofisini kwenyewe ukaulize. Nauli ya daladala mpaka mjini ni ndogo kuliko hiyo ya fomu.

Hoteli nazo zina mlango. Wengi wetu tunadhani bila ya mjomba mle hupenyi, wala hatujawahi kufika getini tukaomba kuonana na anayeajiri. Na hoteli ina wakati wake. Wageni wanajaa kuanzia Juni mpaka Oktoba, tena kuanzia Disemba mpaka Februari. Masika, Aprili na Mei, nyengine hufungwa kabisa. Ukipeleka barua yako Agosti, unamkuta mtu ana wageni hadi kooni na wafanyakazi alishachukua. Peleka masika inapoelekea kwisha, au Novemba, wanapopanga. Muulize msichana wa mtaani kwenu anayefanya kazi pale nani anapokea barua na lini. Huko kuuliza si kujuana kubaya, ni habari tu, na habari hainunuliwi kwa laki tatu.

Sasa hili la "uzoefu wa miaka miwili", ambalo ndilo linalowafanya wengi wakimbilie kulipa. Mtoto anakaa na karatasi yake anaandika majina ya skuli alizosoma, tarehe ya kuzaliwa, basi. Ukimuuliza, anakwambia hajawahi kufanya kazi. Uongo! Ameweka hesabu za kikoba cha mama yake miaka mitatu na haijapotea hata shilingi. Amesomesha watoto thalathini chuoni kila jioni. Ameuza mwani, amepima kilo, amebishana na mnunuzi kuhusu bei. Amepika sambusa za Ramadhani za oda na kuzifikisha kwa wakati. Hiyo ni kazi, iandikwe kwa jina lake: niliweka hesabu za kikundi cha wanawake ishirini na tano, mimi ndiye niliyekuwa nikiandika daftari. Asiongeze wala asipunguze. Amwombe kiongozi wa kikundi au mwalimu mkuu wa madrasa barua fupi ya kumshuhudia. Kwa mtu anayetafuta keshia, msichana aliyeaminiwa pesa za watu ana maana zaidi kuliko cheti cha pili cha kompyuta.

Wanaonipinga nawajua, na wengine ni wasomaji wangu wa siku zote. Wanasema: "Bi mdogo, unaongea vizuri, lakini anayetoa ndiye anayepata. Na hata masheikh wamesema ukitoa ili upate haki yako iliyozuiliwa, dhambi ni ya mpokeaji." Hiyo ya masheikh tunaipindisha. Wanaoisema wanazungumzia haki ambayo tayari ni yako na mtu ameikalia. Nafasi ya kazi iliyoombwa na watu mia si haki yako mpaka uchaguliwe. Ukiinunua, umemtoa msichana mwengine aliyekuwa mbele yako kwa alama, pengine yatima, pengine binti wa jirani yako ambaye mama yake mnasali naye tarawehe. Tunaijua hadithi ya Mtume, rehma na amani zimshukie, kuwalaani mtoa rushwa na mpokeaji wote wawili. Tunaikumbuka akitajwa mbunge au waziri, tunaisahau ikiingia ndani ya pochi yetu.

Na kuna bei nyengine, ambayo kwenye grupu hatuiandiki.

Msichana anaambiwa usaili utafanyika saa mbili usiku. Anaambiwa aje peke yake. Anaulizwa ana mchumba au hana, kwa kazi ya kupokea simu. Sote tunajua hapo kinachotafutwa. Hiyo inaitwa rushwa ya ngono na ni jinai. Kwa Bara imeandikwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kinachomhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki yoyote. Hapa kwetu mahali pa kupeleka malalamiko ya rushwa ni ZAECA. Asifute ujumbe. Asimjibu matusi. Aweke tarehe, saa na maneno aliyoambiwa, na amwambie mtu mzima mmoja siku ile ile. Usaili wa baada ya saa za kazi asiende, na wa mchana kama ofisi haijui, afuatane na mtu akae nje.

Lakini niwaulize nyinyi kina mama: akija kukwambia, unamwambia nini? Wengi wetu la kwanza ni "ulivaa nini?" La pili ni "nyamaza, usituaibishe". Kisha tunashangaa kwa nini yule bwana yuko pale pale mwaka wa kumi, anasaili watoto wa wenziwe.

Kujitolea pia kumegeuzwa. Sikatai mtu kujifunza kazi kwa vitendo. Miezi mitatu, umesimamiwa, umeonyeshwa, umepewa barua, hiyo ni faida. Ninayoikataa ni ile ya mwalimu wa kujitolea mwaka wa nne, darasa lake, mitihani anasahihisha yeye, nauli anajitolea yeye, na kila muhula anaambiwa "subiri kidogo". Ni kweli wapo waliosubiri wakaajiriwa, sitawadanganya. Ila ukianza, omba maandishi: naanza lini, namaliza lini, nitafanya nini, nauli nani anatoa. Anayekasirika kuulizwa maswali manne hayo ameshakujibu.

Na Oman. Kila mtaa una aliyekwenda, na wapo waliojenga nyumba za wazee wao kwa jasho lao halali, Mungu awabariki. Lakini neno "safari ni bure, unalipiwa kila kitu" lisikuzuge. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unakataza wakala wa ajira kumtoza mfanyakazi, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Ule wa kuzunguka ndio wenyewe. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania waliokwenda Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Humo wanawake wanaeleza kunyang'anywa pasi, kufanya kazi bila ya mapumziko, na wakitaka kuondoka kuambiwa warejeshe kwanza gharama za kuletwa. Kumbe bure ile ilikuwa ni deni. Msichana asitie saini karatasi asiyoielewa lugha yake, na nakala ya mkataba na ya pasi ibaki nyumbani kabla hajapanda ndege.

Mtaniambia riziki anatoa Mwenyezi Mungu. Naam, anatoa Yeye. Ndiyo maana nashangaa tunavyompigia magoti mtu wa laki tatu. Bibi Khadija alipomkabidhi Mtume biashara yake kwenda Sham, kabla hata ya utume, alichokuwa amekisikia ni uaminifu wake. Hakuna aliyetoa kitu chini ya meza. Mwenye duka, mwenye hoteli na mwenye skuli binafsi wanaosoma hapa, na najua mpo, hilo ni la kwenu pia: tangazeni nafasi hadharani, andikeni mshahara, saili mchana, na wajibuni walioomba hata kwa mstari mmoja kwamba hawakupata.

Na wewe mama uliyekwisha kuzitenga hizo laki tatu chini ya godoro, usizitoe. Mlipie masomo ya Kiingereza au Kitaliano cha wageni, au leseni ya udereva, na inayobaki iwe nauli yake na kopi za vyeti mpaka Novemba.